Ngâ€™ombe wa S2

Muhula wa pili mwaka jana nilikuwa nasimamia jaribio la Kiswahili la S2 (kidato cha pili hapa Uganda), karatasi 84, nimezipiga fotokopi mwenyewe jioni ya jana yake kwa pesa yangu, maana mashine ya shule ilikuwa na siku zake. Hata dakika 10 hazijaisha, binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, huyu ng'ombe wa swali la 4 ni wa wapi?" Nikaenda, nikachukua karatasi, nikasoma: "Ngâ€™ombe akivunjika guu hurejea zizini." Mstari wa chini kuna ngâ€™ambo. Nikageuza upande wa pili, kungâ€™oa. Karatasi 84 zote hivyo. Darasa likaangua kicheko na mimi nikacheka nao, ningefanyaje, nikashika chaki nikaanza kusahihisha ubaoni neno moja moja.

Nimeikumbuka hii kwa sababu juzi mwalimu mwenzangu wa shule nyingine hapa hapa Jinja aliniuliza namna ya kuingiza faili zake za zamani kwenye ile edita (programu ya kuandikia) ninayotumia, nikaanza kumjibu kwa WhatsApp, nikaona jibu linakuwa gazeti. Basi nalimwaga hapa, na wengine mle.

Edita yenyewe inaitwa Leo, ni ya bure, imeandikwa kwa Python, aliyeianzisha ni Edward K. Ream. Upande mmoja una mti wa vichwa, ukibonyeza kichwa unaona maandishi yake pembeni, kila kichwa kinaweza kuwa na watoto na wajukuu na vitukuu, unakunja, unafungua, unahamisha tawi zima bila kugusa mausi. Wanaoitumia sana ni watu wa kuandika programu. Mimi naitumia kwa notisi za darasani na sioni aibu. Kilichonivuta ni kitu kimoja: nodi moja (yaani kichwa na maandishi yake) inaweza kukaa sehemu mbili au tatu za mti kwa wakati mmoja, wanaiita kloni, inawekewa kamshale kekundu, ukiirekebisha huku na kule imerekebishika. Mwalimu yeyote anaelewa utamu wa hiyo. Ngeli ya KI-VI naifundisha S1, naigusa tena S2, nairudia S3 kwa waliosahau (ambao ni wote), na sitaki nakala tatu zinazobishana.

Shida ilianza na mtaala mpya wa 2020. Mnakumbuka, Februari ile S1 wakaanza na mtaala mpya wa lower secondary (sekondari ya chini), Kiswahili kikaingia kati ya masomo ya lazima S1 na S2, halafu hata hatujashika vizuri corona ikafunga shule. Mimi nilikuwa na notisi za miaka 7 zimepangwa kwa mtindo wa zamani, sarufi peke yake, fasihi peke yake, na sasa kila kitu kinatakiwa kiende kwa mada. Notisi zenyewe sasa: docx, doc za zamani, txt, PDF, meseji za WhatsApp za grupu la walimu, na flashi moja ambayo kila ukiichomeka folda zote zinageuka shotikati. Kuzipanga upya kwenye Word nilijaribu wikendi moja. Sitaki hata kuisimulia.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha Leo, anasoma mambo ya kompyuta Kampala, akaniwekea siku moja alipokuja likizo, kwa amri ya pip install leo, bando langu likaenda na maji. Na kabla hajanionyesha chochote aliniuliza swali nikalipuuza. "Anko, hizo faili, nani mwingine anazifungua?" Nikamwambia wewe nionyeshe tu jinsi ya kuziingiza.

Lile swali ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni vibonyezo. Faili ikiingia kwenye mti wako, imekuja kama mgeni au imehamia? Ikihamia, maandishi yanakaa ndani ya faili yako ya .leo, ile faili ya zamani inakuwa maiti, hakuna anayetakiwa kuigusa tena. Ikiwa mgeni, faili inabaki kwake kwenye folda yake, mti wako unaichungulia tu kama dirishani, na wengine wanaendelea kuifungua na programu zao. Leo inakubali zote mbili, ila haiwezi kukuchagulia.

Mimi nilianza kwa kuhamisha, bila kujua kwamba nahamisha. Kopi, pesti, kopi, pesti, usiku kucha, kila faili nodi yake, naona raha. Wiki tatu nasahihisha ndani ya mti wangu. Wakati huohuo Madamu tunayefundisha naye Kiswahili alikuwa anasahihisha faili zilezile kwenye kompyuta ya stafrumu, maana mimi sikumwambia kitu. Siku tulipokutana kutunga zoezi la pamoja yeye ana ya kwake, mimi nina ya kwangu, zote zimerekebishwa na zote zina makosa tofauti. Akaniangalia hivi. "Sasa mwalimu, hizi zangu nilikuwa nafanya za nini?" Sikuwa na jibu. Tulikaa alasiri mbili tunalinganisha mstari kwa mstari, yeye anasoma, mimi naandika, na chai ya shule ile mnaijua.

Nikasema sawa, tufanye faili ziwe za nje, mti uzisome. Kwenye Leo hilo unalifanya kwa kichwa cha nodi tu. Kichwa kikianza na @file halafu jina la faili, Leo inajua kwamba tawi hilo lote liandikwe kwenye faili hiyo nje. Nikafanya hivyo kwa maswali ya S1, nikaseva, nikampelekea Madamu kwa flashi. Kesho yake ananiambia, "Mwalimu faili yako ilikuwa na virusi lakini nimeisafisha." Virusi gani tena. Kumbe @file inaandika alama zake ndani ya faili, mstari wa kwanza kabisa ni #@+leo-ver=5-thin, halafu kila nodi inapoanzia kuna mstari wa #@+node na namba ndefu na jina, na hizo ndizo zinazoiambia Leo mti ulikuwa na umbo gani. Kwa faili ya programu hazisumbui, zinakaa kama maoni. Kwa faili ya maswali ya Kiswahili ambayo mtu anaifungua kwenye Notepad, haki ya Mungu hata mimi ningezifuta. Alizifuta zote, moja moja, kwa subira, na Leo haikuweza tena kuujenga mti kutoka humo.

Kwa hiyo kwa faili za kushirikiana na mtu asiyetumia Leo, @clean. Hii inaandika maandishi matupu, hakuna alama hata moja, umbo la mti linabaki ndani ya .leo yako. Madamu anafungua, anarekebisha, anaseva. Mimi nikifungua Leo inalinganisha kilichopo nje na kilichokuwa kwenye mti, inapachika mabadiliko yake kwenye nodi zinazohusika. Mara ya kwanza kuona hivyo nilimpigia mpwa wangu simu saa 4 usiku. Kasoro yake ni mpakani tu: mtu akiongeza mstari pale nodi moja inapoishia na nyingine inapoanzia, Leo haiwezi kujua ni wa nani, itaupa mmoja wa majirani. Swali la 10 linaweza kulala kwenye nodi ya mada inayofuata. Unaamka unalirudisha kwake, si kazi kubwa.

Kuna @edit, faili nzima nodi moja, haikatwikatwi, nzuri kwa barua na orodha. Na kuna @auto, hii inaisoma faili upya kila unapofungua na kuikata yenyewe kwa kufuata yaliyomo, kama ni ya markdown (maandishi matupu yanayopangwa kwa alama ndogondogo) inafuata vile vichwa vya alama ya #, kama ni ya Org, mtindo mwingine wa aina hiyo, inafuata nyota. Ila mti wa @auto hauhifadhiwi ndani ya .leo, unajengwa kila siku upya, kwa hiyo kloni zako za humo ndani usizitegemee. Mimi @auto naitumia kwa kuchungulia: naingiza, naangalia imekatika vipi, nikiridhika ndiyo naigeuza @clean.

Sasa docx. Leo haisomi docx, inataka maandishi matupu, kwa hiyo zinapitia kwanza kwa pandoc, programu ya kugeuza faili kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine, ya John MacFarlane, huyu ni mwalimu wa falsafa Berkeley (mnaona, walimu tunaweza). Amri ninayotumia ni hii:

pandoc notisi-s1.docx -o notisi-s1.md --wrap=none --extract-media=picha

Ile --wrap=none usiiache, bila hiyo pandoc inakatakata mistari yako kwenye herufi 72 hivi na ukija kutafuta sentensi hutaipata kwa sababu imekatika katikati. Ya mwisho inatoa picha zote inaziweka kwenye folda ya picha.

Nikaipitisha faili ya kwanza, nikaiweka @auto, nikakaa nikisubiri mti mzuri wenye matawi. Nodi moja, kurasa 31 ndani ya nodi moja. Nikadhani Leo imeharibika. Tatizo nilikuwa mimi na miaka yangu 7: sisi tukitaka kichwa kwenye Word tunafanyaje? Tunachagua maneno, tunabonyeza B, tunaongeza ukubwa mpaka 16, tunaweka katikati. Kwa macho ni kichwa. Kwa kompyuta ni aya ya kawaida yenye maneno meusi, kwa sababu hatukutumia ile staili ya Heading. Pandoc ikaandika **MADA YA KWANZA: FAMILIA** na @auto ikapita juu yake kama gari la serikali. Dawa yake ni kutafuta na kubadilisha kwa regeksi (alama za kuelezea maneno unayotafuta yana umbo gani), kabla ya kuingiza, unatafuta

^\*\*(MADA.*)\*\*$

unaweka

# \1

na mti unachanua mbele ya macho yako, mada 12, kila moja kwenye tawi lake. Vichwa vidogo nilivifanya hivyohivyo kwa ##, ila huko kila faili ilikuwa na desturi yake, mwaka mmoja nilikuwa napigia mstari, mwaka mwingine naweka namba za Kirumi, sijui nilikuwa nafikiria nini 2016.

Haya turudi kwa ng'ombe wetu. Yule alipatikana hivi. Word ukiandika ng' inabadilisha ile apostrofi iliyonyooka inaweka ya kupinda, ’, hukuiomba. Hiyo ya kupinda kwenye UTF-8, mtindo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, inaandikwa kwa baiti tatu, E2 80 99, na Leo inaseva kwa UTF-8 kama inavyotakiwa. Kompyuta ya stafrumu ni ya zamani, programu niliyofungulia faili pale ilidhani ni maandishi ya Windows ya zamani, Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja: E2 ni â, 80 ni €, 99 ni ™. Ndiyo hao â€™ watatu waliokaa kati ya ng na ombe. Mimi nikaprinti jioni bila kusoma, umeme ulikuwa unakuja na kukatika, nikasema acha niwahi kabla haujaenda tena. Ni uzembe wangu, Leo haina kosa.

Na lugha yetu ndiyo inayoumia hapa kuliko Kiingereza cha mtihani wa jirani. Mwingereza akipoteza apostrofi anasomeka. Sisi ng na ng' ni sauti mbili, ngoa si ng'oa, ni maneno mawili tofauti, na mwanafunzi wa S1 anayejifunza hiyo tofauti leo ukimpa ngâ€™oa umemmaliza.

Kuna madhara mengine ya kimyakimya. Baada ya kuingiza kila kitu nilitafuta ng'ombe kwenye mti mzima, Leo ikanipa 3. Najua nina ng'ombe zaidi ya 3, methali peke yake zinawazidi. Wengine wote walikuwa ni wa apostrofi ya kupinda, kwa kompyuta hao ni wanyama wengine kabisa. Uzuri ni kwamba pandoc ikitoa markdown yake ya kawaida inazinyoosha yenyewe, unapata ng' iliyonyooka, lakini ukiitoa kwa gfm (markdown ya GitHub) inaziacha zimepinda. Zilizoletwa kwa kopi na pesti hakuna aliyezinyoosha. Siku hizi kabla faili haijaingia natafuta ’ naweka ', ndiyo kitu cha kwanza, kabla hata ya kusoma imeandikwa nini.

WhatsApp kwa ufupi: unaeksipoti chati bila picha, unapata txt, kila meseji inaanza na tarehe, saa na jina, lakini meseji ndefu mistari yake ya pili na ya tatu haina tarehe, kwa hiyo ukikata kwa kila mstari unaua maana. Mpwa wangu aliniandikia skripti fupi ya Python inayokata pale tu inapoona tarehe, naiweka kwenye nodi, nabonyeza Ctrl-B, inaniwekea kila meseji kama mtoto. Halafu nafuta asilimia kubwa maana ni habari za "asubuhi njema walimu" na maua. PDF zilizotoka kwenye Word zinatoka vizuri kwa pdftotext. Zilizopigwa skani ni picha tu, hizo nimeziacha kwenye folda yao, kwenye mti naandika zilipo basi. OPML (faili za kuhamishia vichwa kati ya programu) nilijaribu kutoka kwenye simu, vichwa vilikuja vizuri lakini maelezo marefu chini ya vichwa hayakuja, kila programu ina mahali pake pa kuyaficha.

Sasa kwa siku utaratibu wangu ni huu, kama yule mwenzangu bado anasoma. Cha kwangu peke yangu, kama maandalio na alama za wanafunzi, kinahamia ndani ya .leo, faili ya zamani inaenda kwenye folda inayoitwa makaburi na haiguswi. Cha kwangu na Madamu ni @clean, na kabla ya kufanya kitu asubuhi nakopi folda nzima kwenye flashi nyingine, ile isiyo na laana. Cha watu wengine ambao hata hawajui kwamba nina faili yao, @edit, nasoma tu, sigusi. Madamu mwenyewe hajawahi kuiona Leo na hataki kuiona, nilimwonyesha mara moja akasema inafanana na mti wa ukoo wa mtu mwenye wake wengi. Anafungua Notepad yake, anasahihisha, anaseva, na mimi nayapata. Kosa la mwisho kwenye mtihani wa muhula jana alilikamata yeye.

Kimoja kimenishinda. Kuna mzee mmoja Walukuba, mwalimu mstaafu, miaka na miaka alikuwa anakusanya maneno ya Luganda na Kiswahili chake, eŋŋoma ngoma, ŋŋaali korongo, anaandika na mifano yake. Kijana mmoja alimchapia kwenye kompyuta zamani, mzee akanipa faili niitunze. Luganda ina ile herufi ŋ. Mahali fulani njiani, sijui ni nani, mtu aliseva ile faili kwa mtindo wa zamani wa Windows ambao hauna ŋ, na kila ŋ ikawa alama ya kuuliza. E??oma. ??aali. Hii si kama ng'ombe wa S2, yule baiti zake zilikuwepo zote, ni kusomwa vibaya tu, unabadilisha usimbaji anarudi mzima. Hapa ŋ haipo tena, iliyoandikwa ni ? kweli.

Nikafikiri ni rahisi, badilisha kila ?? iwe ŋŋ. Nikampelekea mzee laptopu aone. Akavaa miwani, akasoma polepole, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapa niliweka mimi mwenyewe." Kumbe neno ambalo hakuwa na uhakika nalo alikuwa anaweka ?? pembeni, akamwambia kijana achape hivyohivyo. Kwa hiyo kuna za mzee na kuna za kompyuta, na kwenye mifano kuna za maswali ya kawaida, na kwenye faili zote ni alama ileile, baiti 3F. Nimeiweka @edit, nodi moja, sijakata chochote. Jumamosi naenda kwake baada ya sala ya alasiri, nasoma neno, yeye anasema "hiyo ya kwangu" au "hiyo weka ŋ yake", na mara nyingine anakaa kimya anafikiria, halafu ananiambia habari za mtu aliyemfundisha neno hilo, na hapo saa nzima imekwenda. Tumefika herufi K.